Usukani Mzito Hadi Wundanyi

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake: wa kanisani baada ya ibada, majirani wa duka, hata mwalimu wa zamani wa mwanangu Chebet aliyenisimamisha mbele ya benki mvua ikinyesha. Nimewajibu vipande vipande, na nasikia vipande hivyo vimeungana huko nje vikawa hadithi nyingine kabisa. Wako wanaosema Baba Chebet aliendesha gari mpaka Taita kwa mkono mmoja. Si kweli. Niliendesha mimi. Acha niwaambie ilivyokuwa, tangu tulipotoka hapa Eldoret.

Eldoret hadi Timboroa

Gari lenyewe mnalijua. Ni lile dogo jekundu la viti viwili, la paa la turubai, ambalo mume wangu Barnaba alilipata kwa mkulima mmoja wa Moiben likiwa mifupa mitupu, kabla hatujapata watoto. Yeye na rafiki yake Mwakio walilifufua wenyewe. Mwakio ni Mtaita. Alikuja Eldoret kuwa karani wa kiwanda cha nguo, akapanga chumba Langas, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa nyumbani kwetu kuliko ndugu zangu wa damu. Jumamosi walikwenda kwenye mashindano ya magari ya barabara za udongo, Barnaba kwenye usukani, Mwakio kando yake akimsomea barabara: kona hii inabana, mbele kuna daraja, hapa usiamini nyasi. Mashindano yakiisha, Barnaba amechoka hoi, Mwakio ndiye aliyeendesha kurudi nyumbani. Alipostaafu alirudi kwao Wundanyi, milimani Taita.

Usukani wa gari lile ulikuwa mzito. Wakati linaundwa, gari dogo kama hilo halikuwekewa pawa stering, ile mashine inayosaidia mikono kuuzungusha. Likiwa limesimama, kuuzungusha ni kama kusukuma mlango wa ghala ulioota kutu. Lakini likishika mwendo usukani ulikuwa hai. Barnaba alisema unamwambia kila kitu, changarawe, maji, lami iliyochoka, kabla macho hayajaona.

Mwaka jana kiharusi kikamshika upande wa kulia. Akiwa bado hospitalini, mimi na watoto tulimwomba fundi mmoja wa mtaa wa Huruma afunge mota ya umeme chini ya usukani, iliyotolewa kwenye gari la kisasa lililogongwa, ili baba akipona aweze kuuzungusha bila nguvu. Kazi ilikuwa safi. Barnaba alipotoka hospitalini tulimpeleka kwenye gari kama watu wanaompeleka bwana harusi. Akaketi, akawasha, akauzungusha usukani kushoto, akauzungusha kulia kwa mkono wake mzima, kisha akazima na kutoka nje.

"Ni kama kusalimiana na mtu amevaa glavu," alisema. Hakuligusa tena.

Kisha Mghoi, binti wa Mwakio, akapiga simu. Figo za baba yake zilikuwa zimechoka na daktari amewaambia wakae naye nyumbani. Macho yalishapofuka kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. "Anamwulizia Baba Chebet," Mghoi alisema. "Na anaulizia gari. Kila asubuhi anauliza kama mmefika."

Watoto walitaka twende kwa ndege mpaka Nairobi, kisha treni. Barnaba akakataa.

"Ameniulizia mimi na gari. Sasa nifike na mkoba?"

"Na nani ataendesha, baba?" Chebet akamwuliza.

Akaangalia ukuta. "Mama yako ana mikono miwili."

Nimeendesha pikapu ya duka miaka na miaka, lakini lile gari jekundu sikuwahi hata kulisogeza uani. Sasa nikaketi kwenye kiti ambacho kimechukua umbo la mgongo wa Barnaba, na usukani ukanifuata kwa kidole. Nilishangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Nilimshukuru yule fundi moyoni.

Juu ya Timboroa kulikuwa kumenyesha mvua ya mawe. Barabara ilikuwa ikitengenezwa, tukaelekezwa pembeni kwenye udongo, ukungu umetuzunguka. Niligeuza usukani kufuata njia, nao ukageuka vizuri tu, laini, lakini gari halikugeuka. Lilikuwa likiteleza kuelekea mtaroni na mimi sikujua. Nilijua nilipoona nguzo ya uzio ikija upande wa Barnaba. Tukasimama tairi la mbele likiwa ukingoni kabisa.

"Hukuhisi?" Barnaba akaniuliza.

"Sikuhisi kitu."

Hakunilaumu. Aliketi tu akiangalia matone yakishuka kwenye kioo, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Wanaume waliokuwa wakiuza viazi kando ya barabara wakaja kutusukuma. Mmoja akacheka akasema gari hili ni jepesi kuliko magunia yao.

Nakuru

Kabla ya Nakuru polisi wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka gari akilisifu, akainama upande wa Barnaba, akampigia saluti.

"Mkubwa, leo umeamua mama ndiye dereva? Hayo ndiyo maisha!"

Alikuwa na nia njema. Barnaba alijaribu kutabasamu, lakini upande mmoja wa mdomo ulikataa, na yule polisi akadhani amemdharau. Uso wake ukabadilika. Akaanza kukagua taa, vioo, mkanda mmoja mmoja, kizima moto, tukakaa pale juani mpaka nikatoka nikamweleza pembeni kwamba mzee ni mgonjwa. Alivua kofia yake. Alimwendea Barnaba akamwomba msamaha kwa sauti ya chini, na hilo lilimwuma Barnaba kuliko kusimamishwa.

Tulilala kwa dada yangu Rael. Alikuwa ametupikia ugali, mboga ya managu na kuku, na kwa sababu alimwona Barnaba akihangaika na kijiko kwa mkono wa kushoto, akamkatia nyama vipande vidogo bila kuulizwa. Barnaba alisema ameshiba. Hakuwa amekula.

Chumbani nilimwuliza kama turudi nyumbani.

"Turudi kumwambia nini Mwakio?"

"Basi kula kesho."

"Naendeshwa kama gunia, Mama Chebet," alisema. "Gunia halina njaa."

Nilimfungua vifungo vya shati, akaniacha nifungue.

Nairobi hadi Mtito Andei

Nairobi tuliivuka mapema, lakini tulipofika Mlolongo malori yalikuwa yamefungana, na jua la huko chini si jua letu la Uasin Gishu. Barnaba alikuwa amevaa sweta. Nilimsaidia kulivua tukiwa katikati ya foleni, madereva wakitupigia honi, na shingo ya sweta ikamkwama kichwani. Nilisikia sauti ndani ya sweta. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Hicho ndicho kicheko pekee cha safari ya kwenda.

Karibu na Kibwezi injini ikachemka. Tukasimama chini ya miti ya miiba, mvuke unatoka, na lori likasimama mbele yetu. Dereva wake, Mutuku, alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na taulo shingoni. Alitupa maji ya dumu lake na kutuambia tusifungue kifuniko mpaka injini ipoe. Wakati tukisubiri alitugawia chapati na maharagwe aliyofungiwa nyumbani, na Barnaba akala, labda kwa sababu Mutuku hakumwangalia. Macho yake yalikuwa kwenye gari.

"Hii iko na pawa?"

"Waliniwekea," Barnaba akasema. "Sikutaka. Usukani wa zamani ulikuwa unaongea."

Mutuku akatafuna kwanza. "Ulikuwa unaongea, mzee, ni ukweli. Lakini pia ulikuwa unapiga. Mimi nilianza na lori haina pawa. Nikifika Malaba, siwezi shika kijiko, bibi ananilisha kama mtoto. Kidole hiki kilivunjwa na usukani, tairi imegonga jiwe, ukazunguka wenyewe." Alikionyesha, kilikuwa kimepinda. "Pawa ilipokuja nililia, na sina aibu. Ile ya zamani ilikuwa inaniambia mambo mengi ambayo sikutaka kujua."

"Lakini ulijua."

"Nilijua," Mutuku akakubali.

Wote wawili wakaendelea kula. Alipoondoka alimpa Barnaba mkono, wa kulia, kama watu wote. Barnaba akauinua wake kwa msaada wa kushoto, akampa. Mutuku aliushika kwa mikono yote miwili.

Mtito Andei tulipata chumba nyuma ya hoteli. Nyani waliiba mkate wetu dirishani asubuhi na mapema tukiutazama ukiondoka.

Voi hadi Wundanyi

Kutoka Mwatate barabara inapanda mlima kwa kona za kukunja, moja juu ya nyingine, bonde liko chini yako na mashamba yamening'inia pembeni. Pale nilishukuru mota ile. Ningepanda vipi kwa mabega yangu haya? Barnaba alikuwa amefumba macho. Nilidhani analala, lakini kila tulipoingia kona mwili wake ulikuwa umeshaegemea upande wake kabla sijageuza.

Mama Mghoi, mke wa Mwakio, alitupokea kwa kimanga, chakula chao cha maharagwe na muhogo vilivyopondwa pamoja, kizito na kizuri. Mimi nilikuwa nimebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa masizi ya mti, kutoka nyumbani, kwa sababu Mwakio alipokuwa Eldoret alikuwa hamalizi wiki bila hayo maziwa. Asubuhi yake nilikuta jirani mmoja mwenye huruma amekwisha kuyamwaga. Alikuwa ameyaonja, akaona ni machachu na yana majivu, akaosha kibuyu vizuri kwa sabuni. Mama Mghoi aliona aibu sana. Mwakio, kitandani, alipoelezwa, alisema polepole, "Yamesafiri kote huko ili yaoshwe," na tukacheka kidogo.

Siku ile tulipofika tulimkuta Mwakio amekwisha. Mtu yule mrefu alikuwa amebaki mabega na macho yasiyotulia mahali. Barnaba aliinama akamkumbatia kwa mkono wa kushoto na kukaa hivyo muda mrefu. Mwakio hakujua habari ya kiharusi. Kwenye simu Barnaba hakumwambia, na sasa alinitazama juu ya kichwa cha rafiki yake, kunikanya nisiseme. Waliongea juu ya watu waliokufa na watu wanaoishi.

"Nataka kulishika gari kesho," Mwakio akasema. "Kulishika tu."

Uwanja wa shule

Nyumba yao inapakana na shule ya msingi, na uwanja wake wa mpira umeinama kidogo, maana kule hakuna ardhi tambarare. Ilikuwa Jumamosi, wanafunzi hawapo. Mghoi na kaka zake walimbeba baba yao wakamweka kwenye kiti cha dereva na kumzungushia shuka. Mimi nikaketi kando yake, mkono wangu kwenye breki ya mkono. Barnaba alisimama nje na fimbo yake. Niliwasha injini nikaliacha gari bila gia, vijana wakasukuma polepole, likaanza kushuka uwanjani.

Mwakio alikuwa ameshika usukani kwa vidole, akisubiri. Tulikwenda kama urefu wa nyumba. Nikaona uso wake unazimika.

"Simamisheni."

Nikavuta breki.

"Mama Chebet, hii si gari yetu."

"Ni lenyewe, shemeji."

"Injini ni yenyewe, nimeisikia. Lakini hii ni stering ya mtu mwingine. Haina kitu." Alitoa mikono yake akaificha ndani ya shuka. "Kama ile mliuza, mngeniambia tu. Mtu anayekufa hadanganywi."

Mama Mghoi aligeuka akatazama mlima. Mimi nilitaka kueleza na sikujua nianzie wapi bila kuvunja siri ya mume wangu. Barnaba ndiye aliyekuja, akiburuta mguu kwenye nyasi, akashika mlango.

"Ni yenyewe, Mwakio. Waliiwekea mota kwa sababu yangu. Nilipata kiharusi. Mkono wa kulia haufanyi kazi."

Injini ilikuwa ikinguruma peke yake.

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Na tumeongea kwa simu kila Jumapili."

"Wewe ulikuwa na yako."

"Nani aliendesha kuja huku?"

"Mama Chebet."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kiti chako."

"Ukimsomea barabara?"

Barnaba akaangalia usukani.

"Kumbe ulikaa bure kwenye kiti changu," Mwakio akasema. Kisha akanyoosha mkono hewani, akiutafuta. "Nipe huo mkono."

Barnaba akauinua na kumpa. Mwakio aliushika, akaupapasa kidole kwa kidole, mpaka kiganjani, kama mtu anayekagua tairi. Mghoi alikuwa analia waziwazi.

"Toa hiyo kitu," Mwakio akasema hatimaye.

Barnaba alipiga magoti kwenye nyasi. Nilitaka kushuka nimsaidie, akatikisa kichwa. Kwa mkono wa kushoto alifungua kiboksi chini ya dashibodi, akapapasa, akachomoa fyuzi iliyopeleka umeme kwenye ile mota, akaitia mfukoni.

Vijana wakasukuma tena. Safari hii niliona usukani unaanza kutetemeka mikononi mwa Mwakio, mtetemo mdogo, na yeye akaukaza. Mabega yake yakanyanyuka. Gari likashuka, na yeye akaanza kusoma, kwa sauti ile ile niliyoisikia kila Jumamosi ya ujana wetu.

"Nyasi. Nyasi... hapa kuna kinjia, watoto wanapita. Nyasi. Mizizi, upande wako, Mama Chebet. Hapa chini kumelowa, maji yamesimama. Inataka kuvuta kushoto. Iache. Iache kidogo. Sasa irudishe."

Na akairudisha yeye mwenyewe. Sikuugusa ule usukani. Tulifika goli la chini, nikavuta breki, naye akakaa ameushika, anahema, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Ni yenyewe," alisema.

Kurudi

Tulikaa nao siku chache zaidi kuliko tulivyopanga. Siku ya kuondoka, Barnaba hakurudisha fyuzi na mimi sikuiulizia. Nilishuka zile kona za Wundanyi nikipigana na usukani kama ndama asiyetaka kufungwa, mabega yanawaka moto. Katika kona ya tatu au ya nne nikasikia sauti kando yangu.

"Kushoto, inabana. Usikate mapema."

Sikumtazama. Nikafuata.

"Kulia, inafunguka. Kuna mchanga ukingoni."

Mchanga ulikuwepo. Nilihisi magurudumu yakielea na usukani ukawa mwepesi ghafla mikononi mwangu, kama pumzi imekatika, na nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba nisubiri. Nikasubiri. Uzito ukarudi.

"Umesikia?" Barnaba akauliza.

"Nimesikia."

Alinisomea hivyo Voi, Kibwezi, Emali, hata kwenye barabara iliyonyooka ambako hapakuwa na cha kusoma. Alikula ndizi mbili Makindu. Kwa Rael, Barnaba alimwambia shemeji yake amkatie nyama akiombwa, na kama hakuombwa amwache ahangaike. Rael akacheka, akamwacha ahangaike.

Tulifika mji wa Burnt Forest mchana. Nilishaanza kuwaza kitanda changu, duka, kama Chebet amemlipa yule anayechunga ng'ombe. Simu yangu ikalia, nikasimama kando ya barabara. Alikuwa Mghoi. Baba yake alikuwa ameamka vizuri, akaomba chai, na alipoletewa chai alikuwa ameshatutoka.

Nilimpa Barnaba simu. Alisikiliza, akasema "Pole, mwanangu" mara kadhaa, akamwomba ampe mama yake, akamwambia pole na yeye. Kisha akairudisha simu mapajani mwangu. Malori yalikuwa yakitupita kuelekea Eldoret, na kila moja lilitikisa gari letu.

Nilikuwa nimechoka hadi mifupani. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Nyumbani kulikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kupiga simu wakuchemshie maji ya kuoga. Nilimtazama, nikiwa tayari kusema tufike kwanza, tulale, tupange. Yeye alikuwa akiangalia barabara mbele.

"Baada ya ile daraja," alisema, "kushoto kuna uwanja wa kokoto. Gari inaweza kugeuka."

Nikawasha injini, tukavuka daraja. Uwanja ulikuwepo, lakini mdogo, na ilibidi nizungushe usukani gari likiwa limesimama. Nilivuta kwa nguvu zangu zote nao ukagoma nusu ya njia. Nikapumzika, nikavuta tena. Ndipo Barnaba akaunyanyua mkono wake wa kulia kwa kushoto, akauweka kwenye usukani kando ya wangu. Hakuwa na nguvu ya kuvuta. Aliuegemea tu kwa uzito wa mwili wake, mimi nikavuta, na tairi zikasaga kokoto, na gari likageuka polepole likatazama kusini, upande wa Wundanyi.